Poso ya Philippe

Kapolowe, 12 Mei 1968

Mdogo wangu Adolphe,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Najua ukipata barua yangu mbali na Noeli unaanza kutafuta nauli kabla hujafungua bahasha. Safari hii nauli ibaki mfukoni. Nina jambo la mwanangu Benoît.

Amemaliza darasa la sita, wa pili kati ya thelathini na mmoja. Padri aliniita baada ya misa akanionyesha karatasi: huko kwenu Likasi kuna shule ya ufundi wa bustani, miaka mitatu, na anayemaliza anapewa diploma. Wanafundishwa miti ya matunda, mboga, maua ya mji, dawa za wadudu, hata kupima shamba kwa kamba. Nilipomwambia Benoît alikwenda kusimama katikati ya matuta yake ya kabichi. Tangu baba yake afariki bustani hii ni yake kuliko yangu. Mwaka jana alikata kijiti cha mchungwa wa mapadri akakifunga juu ya shina la mndimu wetu. Nilimwambia ananiharibia mndimu, nikamchapa. Sasa kile kijiti kina majani kumi na manne, na anayahesabu kila siku kama mwenye duka.

Sasa maumivu. Ada ni zaire ishirini kwa mwaka. Halafu mkasi wa kupogolea, jembe, buti, ovaroli mbili, hiyo ni zaire kumi na mbili nyingine. Tangu Pasaka nauza kabichi kwenye treni, nina zaire sita. Maombi yanafungwa tarehe 15 Juni. Sina mume, sina baba, nina wewe tu unayekula mshahara wa kampuni kila mwezi. Nikopeshe. Nitakulipa kwa kabichi mpaka uzichukie.

Msalimie Alphonsine na wasichana wenu.

Dada yako mkubwa,
Rosalie


Likasi, 26 Mei 1968

Yaya Rosalie, dada yangu,

Barua yako imenichekesha, halafu imenitia aibu. Mshahara gani? Naupokea tarehe thelathini, tarehe tano mwenye duka anajua jina langu kuliko padri. Pesa hizo sina, na hapa kambi ya wafanyakazi simjui mwenye nazo. Lakini usikunje uso bado.

Shule ile naijua, niliwahi kupeleka vipuri kwenye pampu yao. Watoto wa wafanyakazi wa kampuni hawalipi. Kampuni inatoa ada, buti, mkasi, ovaroli, mpaka daftari. Wanachotaka ni mtoto awe ameandikwa katika kitabu cha familia cha mfanyakazi, na afaulu jaribio. Cheti cha ubatizo hawaulizi. Niliuliza habari ya mpwa, karani akacheka: “Apana, tata. Mutoto ya kuzala.” Yaani mtoto wa kumzaa mwenyewe tu.

Yaya, haya yafuatayo yasome ukiwa umekaa. Katika kitabu changu mwanetu Philippe bado yuko.

Hatukumfuta. Unakumbuka jinsi miaka ile, 62 na 63, ilivyokuwa. Tulimleta kwako kwa sababu ya wanajeshi waliojaa mjini, tukidhani kijijini kuna amani, na surua ikamkuta huko. Niliporudi kutoka kumzika mishahara ilikuwa imechelewa miezi miwili. Tulikuwa tunaishi kwa poso, ule unga na samaki wanaotupimia kila Jumamosi kwa hesabu ya watoto. Nikasema nitatangaza kifo chake mwezi ujao. Mwezi ujao nikasema vilevile. Watu wa kambi wanajua kwamba anaishi kwa shangazi yake.

Alimpita Benoît kwa miezi miwili tu. Basi Benoît aje kama Philippe aliyerudi kwa wazazi wake. Ni miaka mitatu, si kifungo. Nimezungumza na Alphonsine, amekubali kwa moyo mweupe na anakusalimu sana.

Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Adolphe


Kapolowe, 3 Juni 1968

Adolphe,

Sikuichoma. Nimeisoma mara nne, kila mara nikitumaini nimekosea.

Mtoto yule nilimwosha mimi. Nilimvika shati la Benoît kwa sababu lake lilikuwa limechafuka. Na ninyi kila Jumamosi mnapanga foleni mkipokea unga wake! Miaka mitano! Mlikuwa mnaumeza vipi? Nilikuona ukilia pale kaburini, Adolphe, nikakupa kitambaa changu. Kumbe kichwani ulikuwa unapiga hesabu.

Nilikaa siku tatu na hasira hiyo. Siku ya nne nilikwenda kumwambia Benoît kwamba shule haiwezekani. Nilimkuta anahamisha miche ya nyanya, kila mmoja na donge lake la udongo, anaishika kama mayai. Aliniuliza kama udongo wa Likasi ni mwekundu kama wetu. Sikuweza kusema nilichokwenda kusema. Nikamwambia utauona mwenyewe.

Kwa hiyo nakubali, na Mungu anione. Lakini nataka mambo mawili. Alphonsine aniambie yeye mwenyewe kwamba ameridhika, hata kwa mstari mmoja ulioandikwa na mtu mwingine. Na siku ya diploma, iandikwe Benoît.

Rosalie


Likasi, 21 Julai 1968

Yaya,

Furahi! Benoît ni wa nne kati ya vijana sabini, na wanachukua ishirini na wawili tu. Orodha imebandikwa mlangoni mwa shule, nimekwenda kuisoma kwa macho yangu. Mwalimu aliyewapa udongo mikononi wataje aina yake alimwambia yeye peke yake ndiye aliyeunusa.

Alphonsine hajui kuandika, hilo unalijua, na mimi sipendi kuwaingiza majirani katika mambo yetu. Kitanda ameshatandika. Hilo si jibu?

Diploma ni jambo la mwaka 71. Tutamtafuta karani. Usianze kulia njaa ya mwaka kesho. Siku ya jaribio nilimrudisha stesheni moja kwa moja, sasa mlete nyumbani Septemba tarehe 2, na zile zaire sita mnunulie viatu vya kanisani.

Adolphe


Likasi, 17 Novemba 1968

Mama mpendwa,

Nina buti! Ni kubwa kidogo, naweka karatasi mbele. Mkasi wangu una namba 17, nikiupoteza kampuni itamkata mjomba. Samahani, nimeandika mjomba badala ya baba. Barua hii naipeleka posta mwenyewe.

Asubuhi tunakaa darasani, mchana tuko kwenye vitalu. Mwalimu wa miti anasema sisi hapa tunalima kwa taabu kuliko watu wote, kwa sababu ya moshi wa viwanda. Upepo ukigeuka, majani ya maharage yanaungua pembeni kama karatasi. Tunajaribu miti kumi na miwili tuone upi unaweza kuishi na moshi. Mimi nimepewa mitatu. Mmoja umekufa, nimeandika kwa nini umekufa nikapata tisa juu ya kumi.

Nyumbani sijui niseme nini. Siku ya kwanza majirani walijaa mlangoni kushangaa nilivyokua. “Eh, Philippe! Ulikomea hivi? Sura ni ya baba yake kabisa!” Mama Alphonsine alicheka pamoja nao. Walipoondoka alikwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka wali ukaungua. Haniiti jina lolote. Anasema tu: “Weye, kuya kula.” Ananifulia nguo, ananitengea chakula kama wengine, lakini hanitazami.

Jumapili iliyopita tulibaki wawili. Aliniuliza kwa sauti ndogo: “Wakati anakufa weye ulikuwa pale? Alisema nini?” Mama, ninakumbuka. Tulikuwa tumelala mkeka mmoja, sote tuna surua. Lakini nilimwambia sikumbuki, nilikuwa mdogo. Nilifanya vizuri?

Mtoto wako,
Benoît


Kapolowe, 4 Desemba 1968

Mwanangu,

Ulifanya vizuri sana. Akikuuliza tena hukumbuki tena. Ulikuwa na homa, ulikuwa na miaka tisa, basi.

Mwite mama, mchotee maji, mfagilie uani, lakini masikio yako yawe shuleni. Mimi nimekubali mambo ambayo mama hakubali ili wewe ushike mkasi huo. Usiutie kutu kwa huruma.

Nakutumia maharage kilo tano kwa mkono wa mke wa mkuu wa stesheni. Mchungwa wako umetoa matawi mawili.

Mama yako,
Rosalie


Likasi, 8 Februari 1970

Mama Benoît,

Barua hii naandika mimi Alphonsine. Mwaka mzima naenda kujifunza kwa masista, kwenye nyumba ya wamama hapa kambini. Adolphe anafikiri ninajifunza kushona. Herufi zangu ni mbaya, nisamehe. Wewe ni wa kwanza kuandikiwa.

Mimi sikuulizwa. Nataka ulijue hilo kwanza. Nilijua siku mtoto wako aliposimama mlangoni na mfuko wake. Adolphe akasema: “Tangu leo huyu ni Philippe.” Kitanda hakutandika mtu. Kitanda kilikuwa pale tangu 62.

Sikusema kitu kwa sababu nilishazoea kutosema. Siku ile Adolphe aliporudi kutoka kwako alifunga mlango akaniambia: “Mutoto alikufa. Usilie, bantu ya kambi batasikia.” Alinishika mdomo kwa mkono wake. Siku ya pili yake nilikwenda bombani kuchota maji. Wamama wakaniuliza hali yake: “Philippe iko aye?” Nikajibu: “Iko muzuri.” Nimejibu hivyo miaka saba. Nimepika unga wake, nimewalisha dada zake, na mimi nimeula, kwa sababu njaa haina aibu.

Sijawahi kukaa kilio. Mwanamke aliyefiwa na mtoto wa siku mbili hapa kambini anakaa chini siku tatu, wenzake wanamkalia, wanamshika mikono. Mimi mtoto wa miaka tisa sikumlilia hata saa moja.

Mtoto wako sina neno naye. Ni mpole. Amepanda mboga nyuma ya nyumba, majirani wananisifu kwa ajili yake. Hapo ndipo ninapoumia, wananisifu kwa mtoto ambaye si wangu kwa jina la mtoto wangu.

Nakuomba mambo mawili. Niambie alikufaje. Na likizo ya Pasaka nije Kapolowe, unionyeshe kaburi, nikae kilio kwako siku tatu. Huko si kambini. Nani atajua?

Alphonsine


Kapolowe, 1 Machi 1970

Mama Philippe,

Nimelia kwa barua yako. Adolphe alinidanganya, aliniandikia kwamba umekubali, na mimi nilitaka kuamini kwa sababu iliniridhisha. Hilo nalibeba.

Alikufa kwa amani. Alishikwa asubuhi, jioni akatulia. Hakuteseka, hakuomba kitu, ilikuwa kama kusinzia. Hata kama tungetuma mtu usingemkuta. Kaburi nalipalilia mwenyewe.

Lakini kilio Pasaka hii hapana, wifi yangu. Unasema huku si kambini, ila kila Jumamosi wake wa kambi wanashuka hapa na treni kununua samaki na mboga. Wakikukuta umekaa chini na nywele wazi watauliza unamlilia nani. Benoît amebakiza mwaka mmoja na miezi michache. Mwezi wa sita mwaka 71 anapata diploma, na tarehe mosi Julai njoo, tutakaa wote wawili, nitapika mimi, utalia mpaka uchoke. Umengoja miaka saba, ongeza mmoja.

Rosalie


Likasi, 14 Machi 1971

Mama mpendwa,

Nisamehe kukaa kimya tangu Noeli. Kazi ni nyingi, tumebakiza mtihani wa mikono na wa darasani, tarehe 7 mpaka 18 Juni. Mimi ni wa kwanza kwa miti, wa pili kwa mboga. Mkuu wa bustani za kampuni alikuja kututazama tukiunganisha miembe. Katika vijiti vyangu ishirini vimeshika kumi na tisa. Akauliza jina langu, akaandika, akasema Julai nijitokeze kwake. Mshahara wa kuanzia ni kama wa mtu aliyefanya kazi miaka sita!

Kampuni inahesabu familia upya. Kila kitabu kinabandikwa picha. Tulipiga Jumatano, mjomba katikati, mimi kulia, wasichana mbele. Mama Alphonsine alisema kichwa kinamuuma, hakutoka. Mjomba anasema habari ya kubadilisha jina siku ya diploma haiwezekani tena, kwa sababu ya picha. Anasema mtu anakula kwa mikono, hali kwa jina. Niliona aibu kukuandikia hilo.

Kuna jambo jingine. Usikasirike. Wiki iliyopita mimi na Mama Alphonsine tulikuwa tunapanda nyanya nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha namna ya kuukandamiza udongo pembeni bila kuumiza mzizi. Alikuwa anafanya vizuri, tunacheka. Halafu akaniambia wewe ulimwandikia kwamba Philippe alishikwa asubuhi akafa jioni. Akaniuliza kama ni kweli. Mama, huu ni mwaka wa tatu ananitengea chakula. Nilishindwa. Nilimwambia zilikuwa siku tisa. Nilimwambia kila siku alikuwa anauliza: “Mama atakuya siku gani?” na wewe unamjibu kesho.

Hakulia. Aliendelea kupanda mpaka mstari ukaisha.

Nakusalimu,
Philippe

Nisamehe, mkono umezoea. Benoît.


Kapolowe, 2 Aprili 1971

Alphonsine, wifi yangu,

Najua Benoît amekuambia nini. Sitakuongopea tena.

Zilikuwa siku tisa. Treni zilikuwa zinapita, si kila siku lakini zilipita. Ningeweza kutuma mtu siku ya pili. Sikutuma kwa sababu niliogopa. Mlinikabidhi mtoto mzima, na mimi nina wangu anayeugua ugonjwa uleule kwenye mkeka uleule. Nikasema utakuja, utawatazama wote wawili, utasema wake anamtunza, wangu ameachwa. Siku ya tano nikasema kesho atapata nafuu, kwa nini niwasumbue. Siku ya nane Benoît aliomba uji. Philippe hakuomba tena. Hapo nikatuma, na aliyefika ni Adolphe peke yake, amechelewa. Nilimwomba asikuambie. Yeye naye alikuwa na yake ya kuficha, tukaelewana haraka.

Nichukie, ni haki yako. Nitakuja mwenyewe nikae mbele yako uniambie lolote. Lakini nakupigia magoti, si kwa ajili yangu: mpaka tarehe 18 Juni tu. Ni wiki kumi na moja. Mtoto hakufanya kosa. Amekuambia ukweli akijua unaweza kumgharimu. Mwache ashike karatasi yake, halafu siku ya pili nenda ofisini ukaseme yote.

Nijibu haraka. Kila treni niko stesheni.

Rosalie


Likasi, 9 Mei 1971

Rosalie,

Barua yako ilikaa posta. Adolphe hakwenda kuichukua, na mimi sina haki ya sanduku lake. Ilinifikia siku ya pili ya kilio. Ningeisoma kabla, sijui. Labda ningengoja. Labda hapana. Usiniulize.

Siku nyingi nilikuwa sitaki kusema. Nilikuwa nahesabu wiki kama wewe. Nilijiambia, kijana ni mwema, ngoja. Halafu tarehe 20 Aprili karani alikuja na kitabu kipya, akakifungua mezani kwangu nitie kidole. Nikaona picha. Chini ya uso wa Benoît imeandikwa Philippe, anaishi. Karani akasema: “Tia hapa, mama, ni kuhakikisha tu.” Mimi siku hizi najua kusoma. Nikasoma tena na tena. Mtoto wangu aliniita siku tisa, na sasa natakiwa kutia kidole kwamba yuko hai.

Nikamwambia: “Apana. Huyu si Philippe. Philippe alikufa mwaka 63.”

Basi. Sikupiga kelele. Nilisema mara moja tu na karani akafunga kitabu.

Adolphe amefukuzwa kazi. Poso ya miaka minane wameihesabu, wanaikata kwenye haki zake za mwisho, hakibaki kitu. Nyumba tunatoka mwisho wa mwezi. Shule walimwita Benoît tarehe 3 Mei. Walichukua mkasi, walichukua buti, akarudi miguu mitupu na ovaroli moja kwa sababu ile nyingine ilikuwa kwenye kamba.

Nilikaa kilio siku tatu, uani kwangu, chini. Nilifikiri hakuna atakayekuja, nimewadanganya wote. Walikuja. Wale wa bombani walikuja wa kwanza. Mmoja alinipiga kofi kwanza, halafu akanikumbatia tukalia pamoja. Benoît alikaa karibu nami siku zote tatu. Aliwaambia watu Philippe alikuwa mtoto wa namna gani, anapenda nini, anacheka vipi. Mimi hayo sikuyajua, mwaka mmoja wa mwisho wa mtoto wangu ulikuwa kwenu.

Sikutaka kukuharibia mwanao. Nilikwenda kumzika wangu. Kama mambo hayo mawili yalifungwa kamba moja, si mimi niliyefunga.

Alphonsine


Likasi, 27 Juni 1971

Mama,

Nimepata barua zako tatu na nauli. Nauli nairudisha ndani ya hii. Usije kunichukua.

Nilikwenda shuleni kuomba angalau karatasi ya alama. Mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti. Alisema alama zote ni za Philippe, na Philippe amekufa, hawezi kuandika kwamba marehemu amefaulu, wala kumpa mtu mwingine alama za marehemu. Nikamwambia, mikono ni yangu, nipeni kijiti nikiunganishe hapa mbele yenu. Akasema anajua. Nikaomba nianze tena mwaka wa kwanza kwa jina langu, hata kwa kulipa. Akafungua kanuni: mwisho wa kuingia ni miaka kumi na sita. Nina kumi na saba. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Wenzangu walikuwa kwenye vitalu, mtihani wa mikono ulikuwa umeanza.

Kwa mkuu wa bustani za kampuni sikwenda. Ana jina lingine kwenye daftari lake.

Mjomba amekwenda Kambove kutafuta kazi, hajaandika. Mama Alphonsine na wasichana wamepanga chumba kimoja mjini, na mimi niko nao. Najua hutapenda. Ulinitoa kwako ili niwe mtu, na sina cha kukuletea, mama. Nikirudi Kapolowe nitasimama katikati ya kabichi zako na nitakuchukia, na sitaki. Hapa kuna watu wanne na unga lazima utoke mahali. Siku hizi ananiita Benoît. Kila asubuhi ananiita, hata kama hana la kuniambia.

Nimepata kibarua kwenye machimbo ya chokaa, Kakontwe. Tunasimama getini saa kumi na mbili, karani anasoma majina ya waliojiandikisha jana, anayeitika anaingia. Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kwanza. Karani alisoma mpaka akafika: “Benoît!” Akarudia: “Benoît? Benoît aiko?” Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa, nikimtazama, nikingoja zamu yangu. Akampa nafasi mtu mwingine. Nilifika barabarani ndipo nikaelewa.

Jumanne nilikwenda tena. Njia nzima nililitaja kwa sauti, watu wakinitazama. Niliitika.

Mwanao,
Benoît